Usizibe matundu ya nguzo kwa lipu, na slabu ya Jumamosi iahirishe

Mkuu, simamisha hiyo slabu (sakafu ya zege inayokaa juu ya nguzo). Umeuliza kama lipu inatosha kuziba matundu ya nguzo zako tatu za chini kabla ya kumwaga slabu Jumamosi. Haitoshi, na ni hatari.

Unasema kokoto ziko wazi kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti na nondo inaonekana. Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Kwa nondo za milimita 12, zile zilizochomoza kutoka kwenye msingi zinaungana na za nguzo kwenye kipande hichohicho, kama sentimita 50. Binding waya, ule wa kufungia nondo, hauhamishi mzigo hapo. Kinachouhamisha ni zege lililozishika nondo zote mbili. Zege likiwa na matundu kama sega la nyuki, hakuna kilichoshika.

Fundi anayekwambia "lipu itafunika" anaficha kazi yake mbovu kwa pesa yako. Ufa ukitokea yeye keshahamia saiti nyingine. Watu hawa wananikera sana! Lipu haibebi slabu. Inaziba uso, nyuma yake matundu yanabaki, unyevu unaingia, nondo inashika kutu, kutu inavimba na kulibandua zege. Dar, Tanga au Mombasa hewa ya chumvi inaharakisha.

Sheria ni moja: nguzo yenye matundu itinduliwe kabla haijabebeshwa kitu. Sasa hivi haina mzigo. Slabu ikishakaa juu, utahitaji kuipiga mirunda kwanza ndipo uguse nguzo.

Tumia nyundo na tindo, si mashine nzito. Tindua mpaka kokoto ziwe zinapasuka badala ya kuchomoka, na gonga kuzunguka: mlio mfu maana yake endelea. Nondo ikitokeza, ingia nyuma yake angalau milimita 25 ili zege jipya liizunguke. Kingo za shimo zikate wima, zisiishie nyembamba. Safisha nondo kwa brashi ya waya, osha vumbi, lowesha zege la zamani, ila maji yasituame.

Shimo dogo lijaze kwa mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) maalumu ya kukarabati zege, isiyosinyaa, ukiishindilia kwa nguvu. Shimo kubwa lifungie boksi (fomu ya kumwagia zege) lenye mdomo uliopanda juu ya shimo, mimina upande mmoja zege la 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto) lenye kokoto zisizozidi milimita 10, ligonge, kesho yake kata kile kinundu cha mdomoni. Funga magunia mabichi siku 7.

Ukitindua ukavuka theluthi ya unene wa nguzo, usikarabati. Muite mhandisi, na jiandae kuibomoa nguzo hadi chini bila kukata nondo, kisha umwage upya. Nguzo ya milimita 230 kwa 230, urefu mita 3, inakula mfuko mmoja na ushee wa saruji. Kwa gharama hiyo ndiyo mtu anakushauri upake lipu?

Ukimwaga upya, mara hii uji wa saruji usivujie chini ya boksi, zege lisidondoshwe kutoka mita 3 (acha dirisha kwenye mita 1.5), na vaibreta (mashine ya kutikisa zege lishikane) iingie kila tabaka la sentimita 45.

Weka picha nguzo zikiwa zimetinduliwa, kabla mtu hajagusa saruji.