"Pollution" lilikuwa neno la makasisi

Wiki hii mmeuliza ni neno gani la Kiingereza ambalo asili yake ilitushangaza. Langu ni "pollution", lile lisilokosekana kila mto au ziwa linapochafuka.

Mzizi wake ni Kilatini, "polluere", kuchafua, na wajuzi huuhusisha na "lutum", yaani tope. Ila lilipoingia Kiingereza, karne ya 14, mito haikuwamo kabisa. Lilihusu kunajisi kanisa na kunajisi mwili. Hata kutokwa na manii kuliitwa hivyo. Tazama Kutoka 20:25 katika Biblia ya Kiingereza ya 1611: ukichonga jiwe la madhabahu kwa chombo chako, neno ni hilohilo. Sasa jiwe lililochongwa lina uchafu gani? Biblia yetu ya Kiswahili imeandika unajisi, na ndiyo maana yenyewe hasa. Sisi wa pwani tofauti hiyo tunafundishwa tangu chuoni, yaani madrasa: tope kwenye kanzu ni uchafu tu, unaswali nayo, tone la mkojo ni najisi hata likikauka lisionekane.

Kuhamia kwenye maji ya mto ni habari ya karne ya 19, London ilipoufanya mto Thames kuwa shimo lake la choo. Julai 1855 mwanasayansi Michael Faraday alipita mtoni kwa meli ya mvuke, maji yamekupwa, jua kali. Akachana kadi nyeupe, akalowesha vipande ili vizame upesi, akawa anaviangusha kwenye kila gati. Kabla ya kushuka inchi moja havikuonekana tena. Kilichoanguka kwa ubavu, nusu ya chini ilipotea ilhali ya juu bado haijagusa maji! Akaliandikia gazeti la The Times. Kwa kipimo cha fiqhi, elimu ya sheria za Kiislamu, yaani rangi, harufu na ladha, maji yale yasingefaa hata kutawadhia.

Kiangazi cha 1858 uvundo ukawafikia wabunge wenyewe, mapazia ya Bunge yakaloweshwa dawa ya klorini, na fedha za mifereji ya majitaka zikapatikana haraka ajabu. Mwaka 1876 neno la makasisi likakaa kwenye jina la sheria ya kuzuia uchafuzi wa mito. Sheria yenyewe ilikuwa legelege: kumshtaki mwenye kiwanda kulihitaji kwanza kibali cha bodi ya serikali.

Msomaji, Tanga