Jiwe la Rosetta: ni basalti au graniti?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kitabu cha mwanangu wa kidato cha pili kinasema Jiwe la Rosetta, lile bamba la Misri ya kale lenye maandishi, ni basalti. Mjomba wake anayeishi London ameenda kuliona, naye anashikilia kuwa ni graniti. Kila akipiga simu ni ubishi. Nani mkweli?
Mama wa Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Wote wamekosa, ila mjomba kakosa kidogo. Jiwe lile ni granodioriti, ndugu wa damu wa graniti.

Kitabu sikilaumu sana. Wanajeshi wa Ufaransa walilifukua Rashid, kule Misri, mwaka 1799, na muda si muda likapakwa wino ili wataalamu wachapishe nakala za maandishi yake. Lilipofika London likasiribwa nta kulikinga na mikono ya watazamaji, herufi zikajazwa chaki. Ongeza na mafuta ya vidole vya watu wasiohesabika. Likawa jeusi tii, na watu wakaandika "basalti" miaka nenda miaka rudi. Lilipokuja kusafishwa mwaka 1999 ndipo rangi yake ikaonekana: kijivu kilichokolea, punje zinazometameta, na mshipa wa waridi uliokatiza kona ya juu kushoto. Mawe ya namna hiyo yanatoka Aswan, kusini mwa Misri.

Punje hizo ndizo ushahidi. Basalti ni lava iliyomwagika juu ikapoa upesi, kwa hiyo punje zake ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Granodioriti imepoea chini kabisa ardhini, taratibu mno, kila madini yakapata nafasi ya kukua. Hapo inafanana na graniti. Wanapoachana ni kwenye feldispa, kundi la madini yaliyojaa katika mawe haya: graniti ina nyingi ya potasiamu, ambayo mara nyingi huipa wekundu, granodioriti, karibu theluthi mbili au zaidi ya feldispa yake ni plajioklezi, yenye sodiamu na kalsiamu. Tena kwa kawaida ina ulanga mweusi na hornblendi, madini mengine ya rangi nyeusi, kwa wingi zaidi, ndiyo maana haing'ai weupe.

Jiwe lenyewe siku hizi limo ndani ya kioo, lakini makumbusho linamokaa, British Museum ya London, yana sanamu za Sekhmet, mungu mke wa Misri mwenye kichwa cha simba, nazo ni granodioriti. Mjomba asogee karibu aziangalie ubavuni, bila kugusa.

Kwenye mtihani mwanao aandike granodioriti. Akikatwa alama, mpelekee mwalimu wake ukurasa huu.