Kwa kijana anayetafuta wosia uliopotea

Mdogo wangu, ukiitwa na familia hapa Mombasa uwasaidie kutafuta wosia, usianze na kabati. Anza na watu. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inataka wosia wa maandishi uwe na mashahidi wawili au zaidi. Kwa hiyo hata karatasi isipoonekana, huenda yuko mtu Kisauni au Likoni anayekumbuka siku aliyoitwa kutia sahihi. Muulize nani alimwita, walikaa wapi, nani aliondoka na bahasha. Neno lake lina uzito: wosia asilia ukipotea, mahakama inaweza kupelekewa nakala iliyothibitishwa, au majina ya watu wanaoweza kueleza yaliyokuwamo. Vijana wengi hawalijui hili, wakakata tamaa mapema, na inaniuma kuona haki ya yatima ikipotea hivyo.

Kisha ujue unatafuta nini. Kwa Waislamu, wosia hauzidi theluthi ya mali, wala haumpi mrithi zaidi ya fungu lake mpaka warithi wenzake waridhie. Ukiambiwa "baba alimwandikia binti yake nyumba nzima", uliza kwa upole: alimpa akiwa hai? Ikiwa ndivyo, hiyo ni hiba, na mashahidi wake ni wengine kabisa. Ikiwa aliiweka wakfu, yaani aliitoa kwa ajili ya Mungu isiuzwe wala kurithiwa, nenda Tume ya Wakfu. Nimeona watu wakipekua sanduku wiki nzima wakitafuta karatasi ambayo marehemu hakuwahi kuiandika.

Katika mtaa wa Majengo kuna jambo jingine: nyumba nyingi zimejengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi. Omba kuonyeshwa risiti hizo. Mara nyingi huwa fungu moja limefungwa kwa uzi, ndani ya mkebe wa biskuti au mfuko wa plastiki chini ya godoro. Zipitie moja moja, maana katikati yake hujificha risiti ya wakili. Risiti hiyo ina tarehe na jina la ofisi, na ofisi ndiyo huweka faili.

Mjane akiwa edani, yaani miezi minne na siku kumi za kukaa ndani baada ya kufiwa na mume, usiingie chumbani mwake kupekua. Mwombe dada yake au binti yake aingie, nawe subiri barazani. Wala usichukue kitu, hata ufunguo: kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa la jinai.

Ukiuona wosia, usiufungue peke yako. Waite wazee wawili wa pande zote mbili za familia, upigeni picha pale pale ulipo, andikeni nani alikuwapo na saa ngapi, kila mmoja atie sahihi. Baada ya hapo mpelekeeni wakili au Kadhi siku hiyo hiyo.