Kabla Hujalipia MBA: Jibu kwa Kijana wa Benki

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana ambaye hajatimiza miaka miwili katika idara ya mikopo ya benki. Baada ya shikamoo na pongezi nyingi kwa cheo changu kipya, aliniuliza ni chuo gani hapa Dar es Salaam chenye MBA (shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara) nzuri ya jioni, na akaongeza kwamba ameshapiga hesabu ya mkopo wa mshahara utakaolipa ada. Karibu kila anayeniuliza swali hili huwa ameshaamua kusoma MBA na amebakiza kutafuta chuo tu. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu ninaamini kwamba mtu aliye mwanzoni mwa kazi anapaswa kuchagua kwanza aina ya shahada, na kwamba kwa wengi wetu MBA haipaswi kuwa ya kwanza.

Tangu Harvard ilipoanzisha shahada hiyo mwaka 1908, MBA imekuwa masomo ya uongozi wa biashara kwa ujumla wake: fedha kidogo, masoko kidogo, rasilimali watu kidogo, mikakati kidogo. Sehemu kubwa ya mafunzo yake hutokana na kujadili mikasa ya makampuni halisi, ambapo mwanafunzi hujifunza kwa jirani yake aliyewahi kufunga tawi au kugombana na wasambazaji. Ndiyo maana vyuo vikubwa vya Ulaya na Marekani hutaka mwombaji awe amefanya kazi kwa miaka kadhaa, na London Business School ina shahada nyingine kabisa ya usimamizi kwa ajili ya wahitimu wapya. Hapa nyumbani, kinyume chake, si ajabu kumkuta darasani kijana aliyetoka kuvua joho la shahada ya kwanza, akijadili namna ya kuongoza watu ambao hajawahi kuwa nao.

Mimi nilikuwa mhasibu mdogo katika kampuni ya usambazaji wa bidhaa wakati karibu idara nzima ya fedha ilipojiandikisha MBA kwa mkupuo, kama abiria wanaogombea daladala bila kusoma kibao cha safari. Nilikwenda peke yangu katika kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe, Upanga, nikasoma shahada ya uzamili ya sayansi katika uhasibu na fedha. Meneja wetu alisema mbele ya watu kwamba nimechagua kuwa karani aliyesoma sana. Sijaisahau kauli hiyo, wala sijifanyi kuwa nimeisahau. Nafasi ya usimamizi ilipopatikana alipewa mwenzangu mwenye MBA, nami ndiye niliyekaa naye jioni baada ya jioni nikimwelekeza namna ya kusoma taarifa ya mtiririko wa fedha ambayo sasa alitakiwa kuitetea mbele ya wakurugenzi.

Kisha mambo yakageuka. Tarehe 1 Januari 2018 kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha kinachoitwa IFRS 9 kilianza kutumika, na benki zikatakiwa kutenga fedha kwa ajili ya hasara inayotarajiwa badala ya kusubiri mpaka mteja ashindwe kulipa. Wakati huo mikopo chechefu, yaani ile ambayo wakopaji wameshindwa kuilipa kwa wakati, ilikuwa imevuka nchini asilimia 10 ya mikopo yote, ilhali Benki Kuu ilitaka isizidi asilimia 5. Ghafla walitafutwa watu wanaoweza kukadiria kwa takwimu uwezekano wa mkopaji kushindwa kulipa. Tasnifu yangu, yaani andiko la utafiti la kumalizia shahada, ilihusu ulipaji wa mikopo ya wafanyabiashara wa jumla, na katika usaili wa benki iliyoniajiri tulitumia muda mrefu tukijadili jedwali moja tu kutoka humo. Miaka iliyofuata haina haja ya kusimuliwa. Leo ninaongoza kitengo cha vihatarishi vya mikopo, na karani huyo aliyesoma sana ndiye anayesaini mapendekezo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, anza na matangazo ya kazi unayoitamani miaka mitano ijayo, uyasome sehemu ya sifa za mwombaji bila kujidanganya. Ukitaka kusaini hesabu zilizokaguliwa, hakuna MBA itakayokuvusha. Sheria inakutaka usajiliwe na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na mitihani yake ya uhasibu ya CPA hufanyika Mei na Novemba. Mtu wa ununuzi aitazame kwanza bodi yake, PSPTB. MBA ninaiheshimu sana inapomfikia daktari aliyekabidhiwa hospitali ya wilaya au mhandisi aliyepewa mradi wenye watu na bajeti, kwa kuwa huyo ana maswali ambayo udaktari na uhandisi haukumjibu.

Chagua pia programu yenye tasnifu, hata kama ile ya kozi pekee inamalizika mapema. Vijana wanakwepa tasnifu kama adhabu, kisha wanalalamika kwamba hawana cha kuonyesha kwenye usaili! Anayewaza kwenda nje akumbuke kwamba ufadhili wa Chevening wa Uingereza unataka saa 2,800 za kazi, yaani takriban miaka miwili, na kwamba huweka kikomo cha ada kwa wanaosoma MBA. Wanaovutiwa na shahada za mtandaoni kutoka nchi za mbali waulize Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) mapema kama zitatambuliwa, kwa maana ada ikishalipwa hairudi.

Kwa mtu wa idara ya mikopo kama wewe, ningependekeza shahada ya uzamili ya fedha, na tasnifu inayotumia takwimu za ulipaji wa mikopo, kwa idhini ya maandishi ya mwajiri wako. Mkopo wa mshahara usiusaini kwanza. Nenda idara ya rasilimali watu uulize kama benki hulipia masomo ya watumishi wake, na ikiwa inalipa, uombe kuusoma mkataba kabla ya kuomba chuo, hasa kifungu kinachotaja idadi ya miaka utakayotakiwa kubaki na kiasi utakachorejesha ukiondoka kabla ya muda huo.