Jibu la swali la wiki: Upweke wa ghorofani unatuhusu?

Wiki hii mliuliza kama tamthilia za kisasa kuhusu wapweke wa maghorofani zinatuhusu sisi wa nyanda za juu kusini. Nilikusudia kujibu kwamba hazituhusu, kwa kuwa wengi wetu tunapanga nyumba za uani wala si ghorofa. Swali lililonikera zaidi ni hili: ni kitu gani humfanya mpangaji abishe hodi kwa mwenzake?

Nyumba niliyopanga Kihesa, Iringa, ilikuwa na vyumba sita na mita moja ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Uniti zilipokaribia kwisha, mama mmoja muuza vitumbua alipita mlango kwa mlango na daftari lake, akikusanya michango kwa maneno makali. Julai moja, baridi ikiwa imeshika kweli, alimshuku kijana wa chumba cha mwisho kwamba anatumia hita kwa siri. Akasukuma mlango, akatumbukiza mkono kwenye ndoo, akakuta maji ya moto. Alikwisha kuanza kufoka alipomwona mwenye ndoo amejikunyata chini ya mablanketi mchana kweupe, anatetemeka kwa malaria, na hakuna aliyekuwa na habari. Aliagiza uji, akatafuta bodaboda ya kumpeleka zahanati. Deni la uniti, hata hivyo, hakulisamehe.

Baadaye mwenye nyumba aliweka kila chumba mita yake, tukashangilia sote, nami nikiwamo. Ugomvi uliisha, na hodi nazo zikaisha. Kijana yule alipohama, nilijua kwa kuona pazia la mtu mwingine dirishani.

Katika The Zoo Story, tamthilia ya Mmarekani Edward Albee, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1959, Jerry anapanga chumba New York. Anajua kuna mwanamke ghorofa ya tatu kwa sababu humsikia akilia, na katika chumba kimoja cha jirani anaishi mtu asiyemfahamu kabisa. Basi nalazimika kusema kwamba tamthilia hizo zinatuhusu, walau sisi wenye mita zetu. Lakini Jerry ametenganishwa na jirani yake mwingine kwa ubao tu, na ukaribu huo haumsaidii kitu. Kwa hiyo sidai kwamba kubanana ni dawa. Wala mita ya pamoja siitaki tena.