God of War: Usianzie Pale Hadithi Inapoanzia

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: “Kaka, nimepata PlayStation 3 iliyotumika pamoja na diski za God of War, ule mfululizo wa michezo ya video, karibu zote. Nianze na ipi?” Nilikusudia kumjibu kwa sentensi moja, lakini nimejikuta nikiandika makala nzima, kwa sababu swali hilo limenitonesha kidonda.

Mimi nilikutana na Kratos, mhusika mkuu wa michezo hiyo, katikati ya safari yake. Nilipokuwa sekondari, kibanda cha gemu cha mtaani kwetu kilikuwa na diski ya sehemu ya pili tu, ile ya mwaka 2007, na memori kadi moja ambayo kila mteja alihifadhi mchezo wake juu ya ule wa mwenzake. Nililipia nusu saa nusu saa, na karibu kila siku nikaanza upya na ile sanamu kubwa ya Rhodes. Nilijua namna ya kuiangusha, lakini sikujua huyu mtu mweupe kama majivu ni nani, wala Zeus, mfalme wa miungu ya Kigiriki, alikuwa na ugomvi gani naye.

Miaka mingi baadaye nilinunua PS3 yangu mwenyewe, nikaapa kwamba safari hii sitadandia gari likiwa njiani. Nilichukua daftari, nikaipanga michezo kwa kufuata maisha ya Kratos: Ascension ya 2013, Chains of Olympus ya 2008, ule wa kwanza wa 2005, Ghost of Sparta ya 2010, kisha sehemu ya pili na ya tatu. Nakiri kwamba nililionea fahari daftari lile, na niliwaonyesha hata watu ambao hawakuniuliza.

Kosa lilikuwa humo humo daftarini. Ascension inasimulia mambo ya mwanzo, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuimaliza mingine, hivyo inawataja mke na binti wa Kratos bila kuficha yaliyowapata. Mchezo wa 2005 unafanya kinyume: unaanza na mtu anayejitupa baharini kutoka juu ya jabali, unarudi nyuma majuma matatu, kisha unakudondoshea sababu yake tone kwa tone. Sababu yenyewe siitaji hapa, kwa heshima ya ambao hawajacheza. Mimi, pale inapofichuliwa, nilikuwa nakoroga chai.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kabla sijaligundua kosa hilo nilikuwa nimekwisha kumlazimisha mdogo wangu alifuate daftari lilelile. Alicheza jioni mbili, akaweka padi mezani na kusema, “Kaka, huyu jamaa ana hasira tangu tumeanza, na mimi sijaambiwa kuna nini.” Tangu siku hiyo hagusi gemu isipokuwa ya mpira.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, fuata mwaka wa kutoka. Anza na ule wa 2005, nenda kwenye wa 2007, na usikawie kuingia wa tatu, kwa kuwa unaanza palepale wa pili ulipoishia, Kratos akiwa mgongoni mwa jitu Gaia wakipanda Olympus, mlima wa miungu. Chains of Olympus ulitoka kabla ya huo wa tatu, nami hapo tu ndipo ninapoivunja kanuni yangu: usogeze hadi baada yake, uucheze pamoja na Ghost of Sparta. Ascension iwe ya mwisho katika zile za Ugiriki. Narudia: ya mwisho.

Najua vijana wengi mnatamani kurukia ule wa 2018 kwa sababu ya uzuri wa picha zake. Vumilieni. Humo, Atreus, mtoto wa Kratos, anaugua, na shoka la barafu la baba yake halifai kitu huko Helheim, nchi ya wafu. Kratos anarudi nyumbani peke yake, anafunua mbao za sakafu, anatoa mapanga aliyoyaficha na kujizungushia tena minyororo mikononi. Aliyeanzia hapo ataona mtu amepata silaha mpya. Mimi, niliyejua mapanga yale yalifanya nini, nilisimamisha mchezo kwenye PS4 ya rafiki yangu, nikatoka barazani, na nikamdanganya kwamba ninapokea simu.