Lemuel Haynes: askari au mchungaji?

Yote mawili, ila uaskari ulitangulia. Haynes, anayetajwa mara nyingi kuwa mchungaji mweusi wa kwanza Marekani, alizaliwa 1753 Connecticut, baba Mwafrika, mama mzungu, akalelewa kama mtumishi wa mkataba nyumbani kwa shemasi mmoja huko Granville, Massachusetts. Mkataba ulipokwisha 1774 akajiunga na wanamgambo. 1775, vita vya uhuru dhidi ya Waingereza vilipoanza, alikuwa miongoni mwa walioizingira Boston, na mwaka uliofuata akapelekwa ngome ya Ticonderoga. Kanisa lilimwekea mikono, yaani kumfanya mchungaji rasmi, 1785 tu. Baada ya hapo alichunga usharika wa Rutland, Vermont, miaka 30 mizima (1788–1818), na waumini wake karibu wote walikuwa wazungu!

Mimi nilimjua kupitia insha yake ya 1776 ya kupinga utumwa, inayoanza na maneno ya Azimio la Uhuru la Marekani lenyewe. Ilikaa kwenye makaratasi hadi 1983 ndipo ikachapishwa.

Ila hilo la "mchungaji mweusi wa kwanza Marekani" lipunguze kidogo. Kwa Wakongregesheni, dhehebu la Kiprotestanti lililomwekea mikono, sawa. Lakini George Liele, mhubiri mwingine mweusi, alikwisha kuwekewa mikono na Wabaptisti kule Georgia tangu 1775.